Anandaram Dhekial Phukan na madai kwamba Kiassam ni Kibengali kibovu

Mpaka leo utamkuta mtu akidai kuwa Kiassam, lugha ya Assam huko kaskazini mashariki mwa India, ni lahaja tu ya Kibengali. Dai hilo liliwahi kuwa sera. Mwaka 1836 Waingereza walikiweka Kibengali mahakamani na shuleni, na mwenyeji wa Assam akawa anahukumiwa kwa lugha isiyo yake.

Ukweli ni kwamba lugha hizi ni ndugu. Hakuna iliyozaa nyingine. Mshairi Madhava Kandali alitunga Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, kwa Kiassam tangu karne ya 14, na dola ya Waahom, waliotawala Assam zamani, iliacha kumbukumbu zake za kihistoria, ziitwazo buranji, kwa nathari ya lugha hiyohiyo. Sikiliza na matamshi: Waassam wana sauti inayokaribia kh ya "kheri" katika maneno mengi ambayo Wabengali hutamka kwa sh. Hata neno la mama hubadilika mwisho kufuatana na mwenye mama: wangu ni ma, wako mara, wake mak. Sisi tunaosema mamako na mamake tunajua kuwa sarufi ya namna hiyo haiokotwi kwa jirani.

Aliyeijenga hoja hiyo kwa ushahidi ni Anandaram Dhekial Phukan, mzaliwa wa Guwahati mwaka 1829. Katika kijitabu cha Kiingereza cha mwaka 1855 alieleza kuwa kufanana kwa lugha hizi kunatokana na asili yao ya Kisanskriti, akaorodhesha vitabu vya Kiassam ili maofisa waone kuwa fasihi ipo. Hakutia jina lake. Alijitambulisha kama mwenyeji tu.

Wengi huwapa wamisionari sifa yote ya kukitetea Kiassam. Mchango wao ni mkubwa kweli: Wabaptisti wa Marekani walikuwa na mtambo wa kuchapa kule Sibsagar, na mwaka 1846 wakaanzisha jarida la Orunodoi. Lakini Phukan hakuwa mpokeaji tu. Mwaka 1847, kabla hajatimiza miaka 18, aliandika humo kuhusu Uingereza, akitamani siku ambayo misitu ya Assam itakuwa bustani, mitumbwi ya mitoni itakuwa meli, na vibanda vya mianzi vitakuwa nyumba za matofali. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu cha shule, Asomiya Lorar Mitra. Mwaka 1853 akawasilisha hoja zake kwa Moffatt Mills, ofisa aliyetumwa kuchunguza utawala wa Assam. Huyo ni kijana aliyeshika kazi yenyewe mkononi.

Wala hakuwa adui wa Kibengali. Baba yake, Haliram, aliandika historia ya Assam kwa Kibengali, na yeye mwenyewe alisoma Hindu College, Calcutta, kisha akakusanya sheria katika kitabu cha Kibengali. Alikuwa pia mtumishi wa serikali ileile aliyoikosoa, jambo ambalo kwangu linaongeza uzito wa ujasiri wake.

Kosa la mwisho ni kudhani aliyaona matunda. Alifariki mwaka 1859, akiwa na miaka 29. Kiassam kilirudishwa mahakamani na shuleni mwaka 1873. Binti yake, Padmavati Devi Phukanani, alikuja kuandika Sudharmar Upakhyan, mojawapo ya riwaya za mwanzo kabisa za Kiassam.