Kabla ya kumpendekeza mtetezi wetu kwa tuzo

Kazi yangu hapa Lamu ni kuwasaidia wanaharakati kuandika mapendekezo ya tuzo za haki za binadamu. Barua nyingi ninazoletewa zimejaa sifa: jasiri, mzalendo, sauti ya wanyonge. Jopo la tuzo lililoko Dublin au Geneva halimjui mtu wetu, na sifa hizo huzisoma katika kila barua. Linataka kujua alitenda nini, lini, na yalimpata yapi kwa kutenda hivyo.

Phyllis Omido alipopewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, kisa chake kilikuwa na mahali na chanzo: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kule Owino Uhuru, Mombasa, na madini ya risasi yaliyoingia katika damu ya mwanawe.

Sisi pia tunavyo visa vya namna hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukimpendekeza mtu kwa mapambano hayo, onyesha sehemu yake hasa. Nani alikwenda vijijini kueleza ripoti ya mazingira kwa lugha ya watu? Nani alisimama kizimbani? Kama alikamatwa, ambatisha nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na karatasi ya dhamana.

Hapo ndipo akina mama hupotea, na jambo hili linaniuma. Mikutanoni wanaume hukaa mbele, majina yao huingia magazetini. Bi aliyepita mlango kwa mlango kukusanya saini hana hata picha moja. Basi nenda ukaketi naye, uandike maelezo yake, kisha utafute mashahidi wawili wanaoijua kazi yake.

Lakini kwanza kabisa, muombe idhini. Lamu ni mji mdogo. Jina likitajwa asubuhi Langoni, adhuhuri limeshafika Matondoni. Kwa mwingine tuzo ni ngao, maana dunia inamtazama. Kwa mwingine ni kumwonyesha kidole mbele ya wanaomtafuta. Yeye na watu wa nyumbani kwake ndio wanaoijua hatari yao, kwa hiyo waulize pia mumewe au wazazi wake, iwapo yeye ameridhia waulizwe. Usitume majina ya mashahidi kwenye kundi la WhatsApp. Akikataa, ifute rasimu simuni, na usimrudie kwa kumbembeleza.

Akikubali, soma masharti ya tuzo yenyewe. Tuzo ya Right Livelihood, ya kule Sweden, haipokei mtu anayejipendekeza mwenyewe. Ile ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutolewa 1968, huja kila baada ya miaka 5, na ya mwisho ilitolewa 2023. Kwa hiyo ushahidi wa 2028 unakusanywa sasa, wakati mashahidi wangali hai na karatasi hazijaliwa na mchwa.