Hologramu ya kompyuta: punguza hesabu kwanza

Wanafunzi wa hapa Nairobi wanaoniuliza kuhusu hologramu ya kompyuta, yaani mchoro kwenye skrini unaopinda mwanga wa leza hadi umbo lionekane lenye kina, huanza na bei: washuke Luthuli Avenue wakatafute kadi gani ya grafiki? Huwa nawaambia watoe kalamu kwanza.

Chukua skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 na umbo lenye nukta 10,000. Kila nukta ni chanzo cha mwanga, na kwa njia ya kawaida mwanga wake unakokotolewa kwa kila pikseli. Hizo ni hesabu bilioni 20.7 za umbali na awamu ya wimbi (wimbi limefika wapi katika mzunguko wake), kwa picha moja tu. Video inataka picha 30 kila sekunde. Hata kadi kali, umbo likiongezeka nukta mara kumi, mzigo nao unapanda mara kumi.

Mwaka 1993 Mark Lucente wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitumia jedwali la mawimbi yaliyokwisha kukokotolewa, awe anayachota tu. Siku hizo kukokotoa kosaini kulikuwa ghali. Kwenye kadi za leo mara nyingi kinachochelewesha ni kusoma kumbukumbu, kwa hiyo mimi sianzi na jedwali.

Ninayoipenda ni mbinu ya Tomoyoshi Shimobaba na wenzake, Japani, ya mwaka 2009. Unaweka bapa la kufikirika karibu na umbo, unakusanya mwanga hapo kwanza. Siri iko kwenye pembe. Pikseli za mikromita 8, kwa leza ya kijani ya nanomita 532, haziwezi kupinda mwanga zaidi ya digrii 1.9 hivi. Basi nukta iliyo milimita 5 kutoka kwenye bapa inagusa duara la pikseli kama 1,400 tu, si milioni mbili! Nukta zote 10,000 zinakuwa hesabu milioni 14. Kisha bapa zima linapelekwa kwenye hologramu kwa mgeuzo wa haraka wa Fourier, mbinu ya hesabu inayoshughulikia pikseli zote kwa mkupuo, na gharama ya hatua hiyo haijali nukta ni ngapi.

Umbo nene ndilo linalosumbua. Nukta ikiwa sentimita 5 kutoka kwenye bapa, eneo la duara lake linakua mara mia. Pitisha bapa katikati ya umbo, au weka mabapa kadhaa, ila kila moja linadai mgeuzo wake. Na kabla ya mgeuzo zungushia bapa ukingo wa sifuri, yaani pikseli zisizo na mwanga, hadi 3840 kwa 2160, la sivyo mwanga unaotoka nje upande mmoja utaibukia upande wa pili.