Dhahabu ya kunasa sumukuvu

Kile kipima sukari cha duka la dawa hakioni sukari. Kinahesabu umeme. Tone la damu likigusa kijiti, kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia) kilichokaushwa pale hunyang'anya glukosi elektroni zake, nazo huishia kwenye elektrodi kama mkondo mdogo wa umeme ambao mashine huugeuza kuwa namba. Wazo hilo lilitoka kwa Leland Clark na Champ Lyons, Marekani, mwaka 1962.

Wanaotembelea maabara yetu hapa Nairobi, tunakounda vihisi, yaani vifaa vya kupima vya namna hiyo, huuliza: na dhahabu mnayochemsha ni ya nini? (Haiuziki, jamani. Iliyomo kwenye chupa moja haitoshi hata kipini cha pua.) Tunaifanya chembe za nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zinazoelea majini zikiwa nyekundu kama divai. Hata mstari wa kijiti cha kupima mimba mara nyingi ni dhahabu ya namna hii, ila kule inatakiwa rangi yake. Sisi tunataka uso wake. Mchemraba wa dhahabu wa sentimita 1 una nyuso zenye jumla ya sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe vimchemraba vya nanomita 10, na jumla inafika mita 600 za mraba: inazidi ploti ya futi hamsini kwa mia! Elektrodi iliyopakwa chembe hizo hupitisha elektroni kwa wepesi, na kwa kuwa dhahabu hung'ang'ania salfa, tunaweza kuibandikia kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazonasa kitu kimoja tu.

Sisi tunanasa sumukuvu (aflatoxin), sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugonjesha watu 317, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Kikomo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu ikinaswa huziba njia ya elektroni, mkondo ukashuka.

Kwenye maji safi, kihisi chochote hupendeza. Ndiyo maana nikisikia kimevumbuliwa kipya, swali langu la kwanza ni kilijaribiwa ndani ya nini. Protini za damu huganda juu ya elektrodi. Vitamini C na hata parasetamoli hutoa elektroni zao na kuongeza namba. Unga nao una mafuta na wanga wake.

Tena sumukuvu haisambai sawasawa. Ndani ya gunia la kilo 90, punje chache zaweza kubeba karibu yote, na ukichota kiganja kimoja upande usio nayo, kihisi kitakuambia kweli tupu kuhusu kiganja hicho. Kwa hiyo wanafunzi wetu hushinda zaidi kwenye kinu, wakichanganya na kusaga, kuliko kwenye dhahabu.