Busta ya Mji wa Kale na faili ya milisekunde kumi

Kuta za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole. Jua haliingii ndani, na netiweki nayo haiingii. Ndiyo sababu nyumba moja ya wageni ilitaka busta, chombo cha kuikuza signali ya simu na kuileta ndani. Tukaifunga kwa idhini ya kampuni yenye masafa: antena moja darini, amplifaya katikati, antena ndogo ndani ya korido. Amplifaya niliipima karakanani na ikafaulu. Siku ya tatu mwenye nyumba akanipigia.

"Fundi, simu inaonyesha michoro yote ya netiweki imejaa, lakini wageni wangu hawafungui hata picha."

"Nipe leo na kesho, mzee wangu."

"Hiyo kesho ya mafundi naijua."

Kosa lilikuwa langu, ingawa duka lililoniuzia amplifaya lilichangia kwa kuandika namba moja kubwa juu ya boksi na kunyamazia mengine. Nilikuwa nimeipima kwa mluzi. Mtambo wa kutoa signali (nikiuita jenereta, bawabu huniuliza dizeli iko wapi) usipopewa faili yoyote hutoa wimbi moja safi. Boksi lilisema amplifaya huanza kulemewa ikifika dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya signali). Nikaipa mluzi hadi ikatoa dBm 18, nikaona kwenye analaiza, chombo cha kuchora signali, mstari mmoja umesimama kama mlingoti, nikaandika "sawa" kwenye daftari.

LTE, yaani 4G ya simu, haipigi mluzi. Chaneli ya megahezi 20 imebeba vimawimbi 1,200, kimoja kila baada ya kilohezi 15, na kila kimoja kina data yake. Muda mwingi hivi vinapanda, vile vinashuka, jumla inakuwa ya wastani. Mara mojamoja vingi vinapanda kwa pamoja, na hapo kilele kinaruka desibeli 10 au zaidi juu ya wastani, yaani nguvu mara kumi. Mtu akipanga feri ya Likoni kwa wastani wa abiria wa siku nzima, saa kumi na mbili na nusu asubuhi atajua hajui. Amplifaya yangu ilikuwa na wastani wa dBm 18, vilele vikitaka 28, na dari iko 20. Vilele vikakatwa vichwa. Data ikaharibika, na mabaki yakamwagikia chaneli za jirani. Simu bado ilionyesha netiweki imejaa kwa sababu ile michoro yake hufuata zaidi nguvu kuliko usafi.

Hapa ndipo programu za kutengeneza signali zinapohitajika. Kazi yake ni kukuandikia faili ya sampuli (wimbi likiwa limeandikwa kwa namba, hatua kwa hatua) ambayo mtambo au redio inayoendeshwa na kompyuta itaicheza ikasikika kama mnara halisi. Waraka wa 3GPP, wapanga viwango vya mitandao ya simu, namba TS 36.141 umeshapanga mifano ya majaribio, kwa hiyo huna haja ya kubuni. Mfano wa E-TM1.1 naitumia kuangalia nguvu na mmwagiko. E-TM3.1, iliyojaa 64QAM (kila nukta ya data imebeba biti sita), naitumia kupima EVM, yaani nukta ya data imetua mbali kiasi gani na pale ilipotakiwa. Kikomo cha 64QAM kwa kituo cha LTE ni asilimia 8. Amplifaya yangu kwa dBm 18 ilisoma asilimia 15. Nikashusha hadi dBm 9, ikasoma asilimia 3. Nikahamishia antena ya ndani kwenye ua wa kati, na video zikafunguka. Chumba kimoja cha nyuma bado kinasumbua.

Kuhusu programu yenyewe, wengi huniuliza ipi bora, na jibu langu huwaudhi: inategemea mfuko na chombo ulichonacho. Signal Studio ni ya Keysight, kampuni ambayo wazee wa kazi bado wanaiita Agilent ingawa ilijitenga nayo 2014. WinIQSIM2 ya Rohde & Schwarz hupakuliwa bure, ila mtambo haukubali kucheza faili ya LTE mpaka ulipie ufunguo. Kwenye MATLAB yenye kifurushi cha LTE, unataja mfano na upana wa chaneli, unarudishiwa sampuli. Mimi kazi za kila siku nafanya na srsRAN, ile iliyokuwa ikiitwa srsLTE, pamoja na GNU Radio, kwa sababu ni za bure na nikitaka naona ndani zinafanya nini.

Angalia ukubwa wa kitu chenyewe. LTE ya megahezi 20 inaenda kwa sampuli milioni 30.72 kwa sekunde. Fremu moja ni milisekunde 10, hivyo sampuli 307,200. Kila sampuli ina sehemu mbili za biti 16, jumla baiti 4. Fremu nzima ni baiti 1,228,800, chini ya picha moja ya simu. Lakini ukiicheza moja kwa moja toka kwenye laptopu inadai megabiti 983 kwa sekunde, na USB 2 mwisho wake ni 480. Kijana wangu wa karakana alipoteza mchana mzima akilaumu redio, kumbe tatizo ni tundu alilochomeka waya.

Huyohuyo wiki iliyofuata alikata faili kwenye sampuli 300,000, eti namba inakaa vizuri. Mtambo hurudia faili bila kupumzika, mwisho ukiungana na mwanzo. Pasipounganika vizuri, wimbi linaruka mara mia na zaidi kwa sekunde, na kwenye analaiza signali inaota sketi pande zote mbili. Alikuwa tayari kuirudisha amplifaya dukani.

Na hata fremu kamili ikirudiwa, inatosha analaiza tu. Mnara huzihesabu fremu zake kuanzia 0 hadi 1023, kisha huanza upya baada ya sekunde 10.24. Ukirudia fremu moja, hesabu imeganda, na simu haiwezi kwenda nayo. Faili ya mzunguko mzima inakaribia gigabaiti 1.26. Kwa majaribio ya simu, acha faili, washa srsRAN itengeneze signali papo hapo.

Majaribio yote haya ni kwa waya na kipunguza nguvu, kamwe si kwa antena. Masafa yana wenyewe, na Mamlaka ya Mawasiliano haina utani. Namba ya mtandao weka 001-01, iliyotengwa kwa majaribio. Ukiandika 639, ya Kenya, na konekta yako imelegea, simu ya jirani itajaribu kujiunga na mnara usiokuwepo. Konekta zenyewe kwa huku pwani zifute kwa spiriti kila mwezi. Chumvi imeshanidanganya kwa desibeli 2 nzima.

Faili yangu ya E-TM3.1 ninayo. Anayeitaka aniambie kwanza redio yake inapokea sampuli za biti ngapi.