Zege halikauki, na halitulii

"Injinia, hili limeshakauka. Sasa ni jiwe, litakaa hivyo mpaka kiama."

Fundi aliyeniambia hivyo ana miaka mingi saiti kunizidi, na namheshimu. Lakini kauli hii nimeshaisikia kwa mafundi, kwa madiwani, hata kwa mainjinia wenzangu, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza, zege halikauki, linakomaa. Saruji inakula maji. Ndiyo maana zege la nguzo za majini huweza kumwagwa chini ya maji na likakomaa humo humo. Hilo tuliache.

Linaloniudhi ni hilo la "litakaa hivyo". Zege likibeba mzigo hufupika kidogo kidogo, miaka na miaka. Sisi tunaita kripu. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alikutana nayo mwaka 1911 pale Le Veurdre, Ufaransa, alikojenga daraja la matao matatu membamba juu ya mto Allier. Mbao zilizoyashikilia zilitolewa, matao yakasimama vizuri. Miezi ikapita, vilele vikaanza kushuka, mpaka karibu sentimita 13. Akaenda usiku na watu wachache, wakatia jeki kwenye vilele, wakayainua matao tena. Daraja likadumu hadi lilipovunjwa vitani.

Wengi wanaposimulia kisa hiki huishia kwenye jeki. Mimi naona utamu uko kwenye hesabu iliyofuata. Watu walikuwa wameshajaribu kuvuta nondo ndani ya zege ili zilibane lisipasuke, na kila mara mbano ulipotea. Chukua boriti ya mita 30. Nondo laini za enzi zile, ukizivuta kwa kiasi salama, zilirefuka milimita 18 hivi. Zege nalo, kwa kusinyaa na kripu, linaweza kufupika milimita 20. Zege likifupika, nondo nazo hulegea. Umebaki na nini? Hakuna. Freyssinet akachukua chuma chenye nguvu mara kadhaa zaidi, akakivuta kwelikweli, na mwaka 1928 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mbinu hiyo. Juzi tu tulivuta nyaya za chuma cha aina hiyo kwenye boriti ya urefu huo huo: nikaweka futi ya kupimia nyuma ya jeki, nikasoma kwamba zimerefuka milimita 200, kabari za kuzishika zikauma, na boriti ikajikunja juu kidogo katikati. Zege likila 20 kati ya hizo 200, mbano bado upo. Kwa hiyo anayeniambia nyaya hizi ni "nondo za ziada tu" hajaelewa kazi yake. Nondo husubiri zege lipasuke ndipo ifanye kazi hasa. Waya huu unafanya kazi kabla gari la kwanza halijapita.

Je, tunajua zege litafupika kiasi gani? Si kwa uhakika tunaoandika kwenye ripoti. Nikikadiria kwa kanuni na nikakosea kwa theluthi, sitashangaa. Daraja la Koror kule Palau, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, lenye nafasi ya mita 241 kati ya nguzo, lilikamilika 1977. Katikati likashuka zaidi ya mita moja, kupita makadirio yote. Mwaka 1996, miezi michache baada ya kukarabatiwa, likaanguka na kuua watu wawili. Chanzo hasa cha kuanguka kwake wataalamu wanabishania hadi leo.

Kwenye boriti yetu nimegongelea misumari mitatu ya kupimia, miwili mwishoni na mmoja katikati. Nimemwomba yule fundi arudi mwakani, tushike levo pamoja.