Vinywaji vya probiotiki: maana yake na namna ya kuvichagua

Kinywaji cha probiotiki ni kinywaji chenye vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mnywaji faida ya kiafya. Maana hii inatokana na ile iliyotolewa mwaka 2001 na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), nayo inabeba masharti matatu: vijidudu viwe hai wakati vinaponywewa, viwe vingi vya kutosha, na faida yake iwe imeonekana katika utafiti uliofanywa kwa watu. Kinywaji kinachokosa sharti mojawapo kinaweza kuwa kitamu na chenye lishe, lakini hakistahili kuitwa cha probiotiki.

Wengi hudhani kwamba kila kilichochacha kinatimiza masharti hayo. Kuchacha ni kazi ya bakteria na hamira, ambao hula sukari iliyomo katika maziwa, chai, nafaka au matunda na kuigeuza kuwa asidi, gesi na wakati mwingine alkoholi. Kazi hiyo huleta ladha ya ukali, huzuia vijidudu vingi viharibifu visikue, na katika maziwa hupunguza laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa. Hata hivyo, kinywaji kikishachacha kisha kikapashwa moto mkali ili kikae rafuni kwa miezi mingi, vijidudu vyake hufa. Na hata kinapobaki na vijidudu hai, huenda hakuna aliyewahi kupima iwapo vijidudu hivyo hasa vina manufaa yoyote kwa utumbo. Kinywaji cha namna hii huelezwa kwa usahihi zaidi kuwa kimechachushwa na kina vijidudu hai, na mimi sioni ubaya wowote wa kukinywa, mradi tusikipe sifa ambazo hakijazithibitisha.

Wazo lenyewe lina zaidi ya karne moja. Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur ya Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa utafiti wake wa kinga ya mwili, alipendekeza kwamba bakteria wa maziwa yaliyochacha huenda wanawapunguza bakteria wenye madhara utumboni. Mwaka 1930 daktari Minoru Shirota wa Japani alifaulu kukuza bakteria imara anayeweza kupita tumboni akiwa hai, na jina la Shirota limebaki kwenye nasaba hiyo, yaani tawi mahususi ndani ya spishi moja ya bakteria, hadi leo.

Neno nasaba ndilo ningependa msomaji alishike, kwa sababu faida za probiotiki hazienei kwa jamii nzima ya bakteria. Chukua mfano wa Lacticaseibacillus rhamnosus GG: sehemu ya kwanza ni jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ya pili ni spishi, na herufi GG ndizo zinazotambulisha nasaba yenyewe iliyofanyiwa majaribio. Nasaba nyingine ya spishi hiyohiyo inaweza isifanye kazi ileile. Lebo inayosema tu kwamba kinywaji kina "bakteria rafiki" haimwambii mnunuzi jambo lolote analoweza kulithibitisha. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2020 wanasayansi waliigawa upya jenasi ya Lactobacillus, hivyo jina la zamani na jipya yanaweza kumhusu bakteria yuleyule.

Bakteria hao wakimezwa hukutana kwanza na asidi kali ya tumboni, na wengi hufa hapo. Wanaosalimika hupita katika utumbo wakitoa asidi, wakishindania chakula na nafasi na bakteria wengine, na kugusana na seli za kinga zilizo kwenye kuta za utumbo. Kwa kawaida hawafanyi makazi ya kudumu. Mtu akiacha kunywa, baada ya siku au wiki chache huwa wametoweka. Ndiyo maana chupa moja ya mara mojamoja haitarajiwi kubadili mengi. Bakteria wenyeji, ambao ni matrilioni kwa matrilioni, hutegemea zaidi nyuzinyuzi za mboga, kunde, matunda na nafaka zisizokobolewa, wala hakuna kinywaji kinachoziba pengo la mlo usio na nyuzinyuzi.

Ushahidi ulio imara kuliko mwingi unahusu jambo dogo: bakteria hai wa mtindi huwasaidia watu wenye shida ya kumeng'enya laktosi, kwa kuwa huja na kimeng'enya cha kuivunja. Umoja wa Ulaya unaruhusu dai hilo kwa mtindi wenye angalau bakteria milioni 100 kwa kila gramu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu wazima 36, uliona kwamba waliokula na kunywa vitu vingi vilivyochachushwa kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za vijidudu utumboni, na viashiria kadhaa vya uvimbe wa ndani unaoletwa na kinga ya mwili vikapungua katika damu yao. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa kundi lilikuwa dogo. Kuhusu kutibu maradhi, mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha Marekani cha madaktari wa tumbo na utumbo haukupata ushahidi wa kutosha wa kupendekeza probiotiki kwa maradhi mengi ya njia ya chakula.

Kwa hiyo uchaguzi unategemea unachotafuta. Anayetaka mlo mzuri kwa jumla anatoshwa na mtindi au kefiri (maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria na hamira) isiyotiwa sukari, yenye maelezo kwamba vijidudu vyake ni hai na iliyohifadhiwa kwenye baridi. Anayetaka faida mahususi atafute nasaba iliyotajwa kikamilifu, pamoja na idadi inayohakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa maana idadi ya siku ya kutengenezwa hupungua kadiri siku zinavyopita. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, kwa maziwa yaliyochachushwa kinataka bakteria wasiopungua milioni 10 kwa gramu, na milioni 1 kwa bakteria wa ziada anayetajwa kwenye lebo.

Sukari inahitaji jicho kali zaidi. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo ni takriban gramu 25. Chupa moja yenye ladha ya matunda inaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho. Maziwa yana laktosi yake ya asili inayohesabiwa kwenye lebo, hivyo ni bora kusoma orodha ya viambato kuona kama sukari, asali au sharubati vimeongezwa.

Kombucha, ambayo ni chai tamu iliyochachushwa kwa hamira na bakteria, ina ushahidi mdogo zaidi kuliko maziwa yaliyochachushwa. Ina asidi nyingi inayoweza kudhuru meno, na alkoholi kidogo inayoweza kuongezeka chupa ikikaa kwenye joto. Wajawazito na watoto ni afadhali waiepuke.

Anayeanza anaweza kujaa gesi kwa siku chache, hivyo aanze na kiasi kidogo. Mwenye kinga dhaifu sana, kwa mfano kutokana na matibabu ya saratani au upandikizaji wa kiungo, amwone daktari kabla ya kunywa vijidudu hai, kwani kwa nadra vinaweza kuingia kwenye damu. Na mtu anayepata choo chenye damu, anayepungua uzito bila sababu au anayeharisha kwa muda mrefu anahitaji uchunguzi wa hospitali, si chupa nyingine ya mtindi.