Doa la Upara Kichwani: Kitunguu Saumu Kibaki Jikoni

Ninahudumu katika kliniki ya ngozi hapa Nairobi. Maswali haya nayasikia kila wiki.

Kinyozi ameniambia nina doa kisogoni, la mviringo, halina hata unywele mmoja. Ni nini?

Mara nyingi ni alopeshia areata. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, inavishambulia vinyweleo vyako mwenyewe, yaani vishimo vya ngozi vinamoota nywele. Nywele zinadondoka, ila kinyweleo hakifi, kinalala tu. Haiambukizi, kwa hiyo mwalimu hana sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Si ni mapunye tu? Jirani amesema nisugue kitunguu saumu.

Usisugue. Mapunye huwa na magamba, huwasha, na huacha vishina vya nywele zilizokatika. Doa la alopeshia ni laini kabisa. Na hata yakiwa mapunye kweli, kuvu wake wako ndani ya unywele wenyewe, mtoto anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa. Kitunguu hakisaidii huku wala kule.

Mama mmoja alimvua mwanawe kofia mbele yangu. Madoa mawili, kila moja kama sarafu ya shilingi ishirini. La kushoto lilikuwa limefungwa kitunguu kilichopondwa usiku kucha, likababuka, likatoa malengelenge na usaha. La kulia halikuguswa. Baada ya miezi kadhaa la kulia liliota nywele. La kushoto ni kovu mpaka leo. Ugonjwa haukuacha lile kovu, kitunguu ndicho kilichoacha. Mafuta ya taa nayo yaache. Na ile krimu uliyouziwa bila kuonwa na daktari, pia iache.

Lakini nasikia hupona yenyewe. Nikingoja je?

Ni kweli, doa moja dogo la alopeshia mara nyingi huota nywele lenyewe ndani ya mwaka mmoja. Swali ni hili: umejuaje kuwa ni alopeshia? Lupasi ya ngozi pia ni kinga ya mwili kujishambulia, nayo pia hung'oa nywele kwa viraka, lakini yenyewe huacha kovu. Palipo na kovu hapaoti tena, hata uende kwa daktari gani.

Akina mama, hapa nasema nanyi hasa. Mnasuka juu ya doa, mnavaa wigi juu ya msuko, mwaka unapita. Ngozi ikianza kung'aa, ikiuma au ikiwaka, ondoa wigi uje. Doa jipya lionwe ndani ya wiki mbili. Si baada ya harusi ya dada, si baada ya Krismasi. Wiki mbili.

Hii alopeshia nimeirithi kwa wazazi?

Unarithi mwelekeo, si ugonjwa wenyewe. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ni nyingi, na kadhaa ziko katika kundi la HLA, linalosaidia kinga kutambua kipi ni cha mwili na kipi ni cha mgeni. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana ndugu aliye nayo. Lakini hata kwa pacha wa kufanana, mmoja anaweza kuipata na mwenzake asiipate. Basi tuache kumsema mama mkwe.

Na homoni?

Tezi ya shingoni ndiyo ninayoiulizia kwanza, kwa sababu kinga inayoshambulia nywele wakati mwingine huishambulia na tezi. Ukiwa unachoka ovyo, unahisi baridi, au uzito umebadilika bila sababu, utapimwa damu. Nywele zinazopukutika kichwa kizima miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua ni jambo jingine, hurudi zenyewe. Upara wa wanaume wa kuanzia kwenye paji pia ni wa homoni, na si kinga kujishambulia.

Nikija mtanifanya nini?

Kwa mtu mzima mwenye madoa machache, sindano ndogo za stiroidi, dawa ya kutuliza kinga, ndani ya doa, kila wiki nne hadi sita. Watoto wadogo kwa kawaida hupewa dawa ya kupaka. Kwa walioathirika vibaya kuna vidonge vya baricitinib, navyo vya kutuliza kinga, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, lakini ni ghali.

Zimeota, ila ni nyeupe! Nimezeeka?

Hapana. Za kwanza mara nyingi huja nyeupe na nyembamba, rangi hufuata baadaye. Usizipake rangi wala kuzisuka sasa. Ziache zikae.